Kitabu cha kwanza cha kompyuta: Mpime mtoto kabla ya kununua

KITABU chenyewe kilikuwa kinene mithili ya tofali. Kilikuwa na kurasa zaidi ya 700, jalada lake lilikuwa na picha ya nyoka aliyejikunja, na nyuma paliandikwa kwa herufi kubwa kwamba humo ndani mlikuwa na kila kitu anachohitaji mtu kujua kuhusu lugha ya kompyuta iitwayo Python. Nilikinunua Januari 2023 kwa Sh1,800 kutoka kwa muuzaji wa vitabu vya mitumba katikati ya jiji la Nairobi. Nilikipakata ndani ya matatu hadi Kawangware kwa dada yangu, huku nikijiona mjomba wa kupigiwa mfano.

Fedha hizo hazikuwa zangu. Dada yangu ni fundi wa nguo, na alikuwa amezidunduliza kutokana na sare za shule alizoshona usiku na mchana mwezi wa Desemba. Mwanawe, ambaye ni kifungua mimba, alikuwa ametoka kufanya mtihani wa kidato cha nne. Badala ya kushinda vibarazani akipiga soga, alikuwa ameomba jambo moja tu: ajifunze kuandika programu za kompyuta. Laptopu alikuwa nayo, kuukuu lakini nzima, aliyoachiwa na binamu yake. Kilichobaki ni kitabu. Na kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndimi niliyesomea uandishi wa habari, ilichukuliwa kwamba mambo ya vitabu ni yangu.

Wiki tatu baadaye nilipowatembelea tena, nilikikuta kitabu chini ya mguu wa meza ya cherehani, kikiizuia isiyumbe.

"Mjomba," kijana aliniambia huku akitazama chini, "nafikiri mimi sina kichwa cha mambo haya."

Maneno hayo yaliniuma kuliko zile fedha. Huyu ni mtoto aliyekuwa akitengeneza redio za majirani tangu akiwa darasa la saba. Ikiwa kitabu kimoja kiliweza kumfanya ajione mjinga kwa muda wa wiki tatu, basi kulikuwa na kasoro mahali fulani, na nilianza kushuku kwamba kasoro hiyo ilikuwa yangu.

Bila shaka si mimi peke yangu niliyepatwa na mkasa wa aina hii. Siku hizi mambo ya programu yamebisha hodi katika kila nyumba. Mwaka 2016 serikali ilianza kugawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule za msingi za umma. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala Nchini (KICD) iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na za upili. Mtoto anarudi nyumbani akitaka kitabu, naye mzazi ambaye hakuwahi kusoma somo hilo anaingia dukani akiwa kama kipofu sokoni. Aghalabu huishia kununua kilicho kinene zaidi, au kilicho rahisi zaidi, au kile chenye jalada la kupendeza.

Kosa halikuwa la mtoto

Nilimwomba mpwa wangu anionyeshe pale alipokwama. Hakuwa amefika mbali. Zoezi la kwanza kabisa lilimtaka aiamuru kompyuta iandike salamu kwenye skrini. Kitabu kilimwagiza apige chapa neno la amri, aache nafasi, kisha aandike salamu yake ndani ya alama za kunukuu, hivi:

print "Hamjambo"

Alifanya hivyo hivyo, herufi kwa herufi. Kompyuta ikakataa, ikamwambia kuwa pana kosa. Akarudia mara ya pili, ya tano, ya kumi. Hatimaye rafiki yake mmoja alimdokezea aongeze mabano:

print("Hamjambo")

Salamu ikatokea. Lakini furaha yake haikuvuka kurasa chache. Kitabu kilisema kwamba ukiiambia Python igawanye 7 kwa 2, jibu ni 3. Kompyuta yake ilimpa 3.5. Mbele kidogo kitabu kikamfunza amri ya raw_input, ambayo humwezesha mwandishi wa programu kumwuliza mtumiaji jina lake. Kompyuta ikajibu kwamba amri hiyo haiijui. Kijana akapima mambo akaona kwamba kitabu kilichochapishwa ng'ambo hakiwezi kukosea, na kompyuta haiwezi kukosea. Basi mkosaji akawa ni yeye.

Kumbe kitabu na kompyuta vilikuwa vikizungumza lugha mbili za ukoo mmoja. Python ilibuniwa na Mholanzi Guido van Rossum, aliyeianza mwishoni mwa 1989 alipokuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti mjini Amsterdam, akaitoa kwa umma 1991. Hata jina lenyewe halikutokana na nyoka, bali na kipindi cha vichekesho cha Monty Python kilichoonyeshwa na BBC. Python 2 ilitoka mwaka 2000. Kisha Desemba 2008 ikatoka Python 3, ambayo kwa makusudi ilibadilisha mambo kadha ya msingi, hata programu nyingi za zamani zikawa haziwezi kufanya kazi humo bila kurekebishwa.

Mabano yale ni mojawapo ya mabadiliko hayo. Ugawanyaji ni mwingine. Katika Python 2, ukigawanya nambari nzima kwa nambari nzima, kinachobaki hutupwa, na ndiyo maana 7 kwa 2 ikawa 3. Katika Python 3 unapata jibu kamili la 3.5. Nayo amri ya raw_input ilifupishwa ikawa input. Matoleo hayo mawili yalienda sambamba kwa zaidi ya miaka 10 hadi Januari 1, 2020, Python 2 ilipoacha kuhudumiwa na waliokuwa wakiitunza.

Kitabu nilichonunua kilifunza Python 2. Kompyuta ya kijana ilikuwa na Python 3. Kwa wiki tatu alikuwa akifuata barabara kwa ramani ya mji uliobomolewa ukajengwa upya.

Nilipomweleza dada yangu hayo yote, hakunigombeza. Alichukua tepu yake ya kupimia, akaipitisha mabegani mwa mwanawe, kisha akaniambia: "Ndugu yangu, wewe ulimshonea mtoto suti bila kumpima."

Tangu siku hiyo sijapata kanuni nyingine bora kuliko hiyo. Kitabu cha kwanza cha programu hushonwa kwa kipimo cha anayekisoma. Na vipimo vyenyewe si vigumu. Hata mzazi asiyejua kuwasha kompyuta anaweza kuvichukua akiwa amesimama dukani.

Tazama tarehe

Kipimo cha kwanza ni umri wa kitabu. Fungua ule ukurasa wa mwanzoni wenye maandishi madogo kuhusu haki za kunakili. Hapo utaona mwaka wa kuchapishwa na toleo la kitabu. Ikiwa ni kitabu cha Python, hakikisha kimetaja Python 3. Ukikosa kuona, tafuta mfano wowote wenye neno print. Lisipofuatwa na mabano, kirudishe kitabu mahali pake na umshukuru muuzaji.

Kitabu cha hadithi ni kama kanga ya nyanya: hata kikikaa sandukuni miaka 40 thamani yake ni ile ile. Kitabu cha programu kinakaribia kuwa kama maziwa. Ndiyo maana vitabu vya mitumba, ambavyo vimetulea sisi wengi, vinahitaji macho mawili katika somo hili.

Hata hivyo si lugha zote zinazozeeka kwa mwendo mmoja. Lugha ya C hubadilika polepole mno, na kitabu chake cha zamani bado kinaweza kumfaa mtu. JavaScript, ambayo hutumiwa katika kurasa za intaneti, iliongezewa mambo mengi sana mwaka 2015, kwa hivyo kitabu chake kilichoandikwa kabla ya hapo kitamwacha msomaji nyuma. La mno ni kujua lugha gani unainunulia kitabu kabla hujatoa noti mfukoni.

Kimo cha msomaji

Kipimo cha pili ni kimo. Kuna vitabu vinavyosifiwa na kila mtaalamu lakini ambavyo havikuandikiwa anayeanza. Mfano mashuhuri ni The C Programming Language, kilichoandikwa na Brian Kernighan na Dennis Ritchie na kutolewa kwa mara ya kwanza 1978. Ritchie ndiye aliyeibuni lugha ya C yenyewe. Kitabu ni chembamba, hakina maneno ya kupoteza, na ndicho kilichoeneza ule mtindo wa kumfanya mwanafunzi aanze kwa kuiagiza kompyuta itoe salamu kwa ulimwengu. Ukimwuliza mhandisi wa kompyuta akutajie kitabu bora, huenda akakutajia hicho.

Lakini waandishi wenyewe walieleza katika dibaji yao kwamba hakikukusudiwa kumfunza mtu uandishi wa programu tangu mwanzo. Walichukulia kwamba msomaji amekwisha kuzoea mambo ya msingi. Yaani ni suti nzuri, ila si ya mtoto. Hali ni hiyo hiyo kwa mafunzo rasmi ya Python yanayopatikana bila malipo katika tovuti ya python.org. Mafunzo hayo yanamfaa zaidi mtu anayejua tayari lugha nyingine ya programu. Kijana akiyaanza bila msingi wowote, atajikuta akiruka madaraja ambayo hayajajengwa.

Kwa hivyo isome dibaji. Mwandishi mwaminifu hutaja pale ni nani aliyemwandikia. Ukiona imeandikwa kwamba msomaji hahitaji ujuzi wowote wa awali, umekaribia. Kwa watoto wadogo wa shule za msingi, afadhali pengine uanze na Scratch kabla ya kufikiria kitabu. Programu hiyo ya bure, iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, humwezesha mtoto kupanga vipande vya rangi badala ya kuandika maneno, na inaweza kutumiwa kwa Kiswahili.

Mikono ifanye kazi

Kipimo cha tatu ni kazi ya mikono. Dada yangu ana wanagenzi wawili. Hakuna hata siku moja amewaketisha awaeleze historia ya uzi. Siku ya kwanza huwapa kipande cha kitambaa kibovu na kuwaambia washone mstari ulionyooka. Wakiharibu, huwapa kingine.

Kitabu kizuri cha anayeanza hufanya vivyo hivyo. Fungua kurasa 20 za mwanzo. Je, kuna mahali ambapo msomaji anaambiwa aandike kitu kwenye kompyuta na kuona matokeo? Au ni maelezo matupu kuhusu jinsi kompyuta zilivyoanza? Tazama mwisho wa kila sura. Je, kuna mazoezi? Na majibu yapo, ama nyuma ya kitabu au katika tovuti ya mwandishi? Kijana anayejifunza peke yake chumbani hana mwalimu wa kumsahihisha, kwa hivyo majibu hayo ndiyo mwalimu wake.

Tazama pia kama kitabu kinamfunza kusoma ujumbe wa makosa. Hili wengi hulisahau. Ile siku kompyuta ilipomkataa mpwa wangu, ilikuwa imemwandikia kwa Kiingereza kwamba mabano yanakosekana. Jawabu lilikuwa mbele ya macho yake! Lakini hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ujumbe ule ni wa kusomwa. Aliona neno la kosa, akashtuka, akafuta kila kitu. Mwanaprogramu mkongwe naye hupata makosa kila siku. Tofauti ni kwamba yeye huyasoma.

Kusudi lako ni nini?

Kipimo cha nne ni kusudi. Nguo ya arusi si ya shambani. Anayetaka kutengeneza kurasa za intaneti atahitaji HTML, CSS na JavaScript. Anayetaka kutengeneza programu za simu za Android atakutana na Kotlin na Java. Mwanafunzi anayesoma somo la kompyuta shuleni amwulize kwanza mwalimu wake lugha wanayotumia darasani, maana hakuna faida ya kumnunulia kitabu cha lugha moja huku mradi wake wa mtihani uko katika nyingine.

Yule ambaye hana kusudi maalumu bado, anataka tu kuonja, anaweza kuanza na Python bila majuto. Sentensi zake ni fupi, inapatikana bure, na inaweza kutumiwa hata katika kompyuta isiyo na nguvu nyingi.

Jihadhari na ahadi za saa 24

Katika rafu za vitabu utakutana na majalada yanayoahidi kumfanya msomaji kuwa bingwa kwa siku 21, au kwa saa 24. Mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Peter Norvig, alichoshwa na ahadi za namna hiyo hata akaandika makala iliyovuma sana kuhusu kujifundisha uandishi wa programu kwa miaka 10. Hakukusudia kuwatisha watu. Alitaka waelewe kwamba huu ni ufundi kama ufundi mwingine wowote, na ufundi huja kwa kutenda, kukosea na kurudia.

Si kwamba kila kitabu chenye jina la aina hiyo ni kibovu. Ila mtoto akiahidiwa ubingwa kwa siku 21, na siku ya 22 ifike akiwa bado anatatizika, atajilaumu yeye badala ya kulilaumu jalada. Tumekwisha kuona madhara yake.

Vitatu vya kuanzia

Wasomaji watauliza: basi taja vitabu! Kwa upande wa Python, hivi vitatu vinastahili kutazamwa na anayeanza.

Cha kwanza ni Python Crash Course cha Eric Matthes, kilichotoka 2015 na ambacho toleo lake la tatu lilitolewa 2023. Nusu ya kwanza hufunza misingi kwa mazoezi mafupi mafupi. Nusu ya pili humwongoza msomaji kutengeneza mchezo wa kompyuta, michoro ya takwimu na tovuti ndogo. Kinamfaa kijana anayependa kuona kazi iliyokamilika.

Cha pili ni Automate the Boring Stuff with Python cha Al Sweigart, ambacho pia kilianza kuchapishwa 2015. Hiki kiliandikwa kwa ajili ya mtu wa kawaida mwenye kazi za kuchosha: kubadilisha majina ya mafaili mengi kwa mpigo, kusoma majedwali ya hesabu, kukusanya habari kutoka tovuti. Mwandishi amekiweka katika tovuti yake ili kisomwe bila malipo.

Cha tatu ni Think Python cha Allen Downey, profesa aliyefundisha uhandisi huko Marekani. Toleo la tatu lilitoka 2024, nacho pia husomwa bure katika intaneti. Hiki humfunza msomaji kufikiri hatua kwa hatua, na kinamfaa mwanafunzi anayejiandaa kwa masomo ya chuo kikuu.

Ukivitazama utaona kwamba viwili kati ya hivyo havihitaji hata senti, ila gharama ya kuingia katika intaneti. Hata kile cha kuuzwa, ni vyema msomaji apate kwanza sura moja ya kuonja. Usisahau maktaba pia. Kabla ya kununua, pita katika maktaba ya Kenya National Library Service iliyo karibu nawe, au McMillan katika barabara ya Banda jijini Nairobi, uulize kama wana kitabu cha somo hilo, na ukikipata utazame mwaka wake kama tulivyoeleza.

Na Kiingereza je?

Wazazi wengine huhofia kwamba mtoto asiye hodari katika Kiingereza hataweza. Hofu hiyo ina ukweli nusu. Lugha ya Python yenyewe ina maneno yaliyotengwa yapatayo 35 tu, kama vile if, while na for. Mtu yeyote aliyeweza kukariri majina ya wachezaji wa timu tatu za kandanda anaweza kuyajua hayo kwa wiki moja. Majina mengine mengi ndani ya programu huchaguliwa na mwandishi mwenyewe. Hakuna sheria inayomkataza kuandika bei, idadi au jumla, na kompyuta haitalalamika.

Kizito ni maelezo ya kitabu, ambayo yako katika Kiingereza kitupu. Hapa kuna njia moja ambayo imetusaidia sisi. Msomaji awe na daftari, na kila amalizapo sehemu aandike kwa Kiswahili chake mwenyewe alichokielewa, kwa sentensi mbili tatu. Akishindwa kuandika, bado hajaelewa, na arudi nyuma. Hakuna aibu katika kurudi nyuma.

Wapo pia wanaouliza kwa nini mtu ajisumbue na vitabu, ilhali tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022 kuna mashine zinazoandika programu zikiombwa tu. Ni kweli zinaandika, na zinaweza kumsaidia anayejifunza kwa kumweleza kosa lake. Lakini mtu asiyejua kushona hawezi kujua kama fundi amempunja kitambaa. Siku mashine itakapomletea programu inayogawanya 7 kwa 2 na kupata 3, ni nani atakayeshtuka?

Kimoja, hadi mwisho

Baada ya kusema yote hayo, kuna hatari ya upande wa pili. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Nimeona vijana walio na vitabu 10 katika simu zao na ambao hawajavuka sura ya tatu ya hata kimoja. Kila wanapofika mahali pagumu, huhisi kwamba kitabu ndicho kibaya, wakatafuta kingine na kuanza upya kwenye salamu. Sura ya tatu ni ngumu katika vitabu vyote. Chagua kwa makini, lakini chagua kwa wiki moja, kisha ukae na ulichokichagua. Kitabu cha wastani kilichosomwa hadi mwisho, na mazoezi yake yote yakafanywa, kinashinda kitabu bora kilichoachwa njiani.

Kuhusu mpwa wangu, safari hii sikumchagulia. Tulienda pamoja katika saibakafe, akasoma sura ya kwanza ya vitabu vitatu. Jioni mama yake akampa kazi: amweleze kwa Kiswahili, yeye asiyejua lolote, alichosoma katika kila kimoja. Viwili alivieleza kwa kugugumia. Cha tatu, kile cha Sweigart, alikieleza huku akichezesha mikono, na mama akafika mahali akaanza kuuliza maswali. Hatukuhitaji mjadala zaidi. Kitabu kilichomfaa kilikuwa cha bure muda huo wote niliokuwa nikibeba tofali langu la Sh1,800.

Ilimchukua miezi mitano kufika alikotaka. Sare za Januari zilipokaribia, alimwandikia mama yake programu ndogo: unaingiza idadi ya sketi, kaptura na mashati pamoja na saizi zake, nayo inakwambia mita za kitambaa za kununua na bei ya kumtoza mteja. Dada yangu aliikagua kwa tepu na penseli kama anavyokagua kazi ya wanagenzi wake, akagundua kwamba ilikuwa imesahau upindo wa chini. Mtoto akarudi chumbani, akasoma, akarekebisha.

Hakusema tena kwamba hana kichwa.

Kile kitabu kinene bado kiko chini ya mguu wa meza. Dada anasema kisiondolewe, maana huko kimetoshea barabara. Wewe mzazi ambaye wiki ijayo utaingia dukani ukiwa na noti zako ulizodunduliza, usiitazame rafu kwanza. Mtazame aliyekutuma: umri wake, kompyuta yake, ujuzi wake na anachotaka kutengeneza. Ikiwezekana, nenda naye.